Je, Wajua? Visiwa vya Kongosho, Moyo wa Fuko na Damu ya Mlima Kenya

Je, wajua kwamba ndani ya neno insulini kuna kisiwa? Kwa Kilatini insula ni kisiwa, na visiwa vyenyewe unavyo tumboni, kwenye kongosho: vikundi vidogo vya seli vilivyotawanyika kama visiwa vya Mafia na Songosongo vilivyotawanyika baharini. Aliyeviona kwanza alikuwa mwanafunzi wa udaktari. Paul Langerhans alikuwa na miaka 21 alipotetea tasnifu yake mjini Berlin mwaka 1869. Alieleza umbo la seli hizo na mahali zilipo, na hakudai kujua kazi yake. Mwaka 1893, miaka mitano baada ya kifo chake, ndipo zikaitwa visiwa vya Langerhans.

Na wajua kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo, akiwa bado darasani, alikuwa ameshaeleza seli za ngozi ambazo nazo zinabeba jina lake? Alidhani ni za mishipa ya fahamu. Baadaye ikabainika kuwa ni askari wa kinga ya mwili. Maelezo yake yalikosea, ila macho yake hayakukosea, na picha aliyoichora ilibaki ya kweli.

Tukiwa bado kwenye insulini: wajua kwamba sarafu iliyorushwa juu ndiyo iliyoamua nani aingie kwenye historia yake? Kiangazi cha mwaka 1921, jijini Toronto, Frederick Banting alihitaji msaidizi. Wanafunzi wawili waliokuwepo, Charles Best na Clark Noble, wakarusha sarafu, na Best ndiye akaanza kazi. Alikuwa na miaka 22, ndiyo kwanza amemaliza shahada ya kwanza. Udaktari aliusoma baadaye. Januari 1922 mvulana mmoja aliyekuwa akifa kwa kisukari alichomwa sindano ya kwanza. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1923 walipewa Banting na Macleod, profesa mwenye maabara. Jina la Best halikuwamo, na Banting akamgawia nusu ya fedha zake.

Je, wajua kwamba dawa ya kuzuia damu isigande iligunduliwa na mtu aliyekuwa akitafuta kinyume chake? Jay McLean alikuwa mwaka wa pili wa udaktari pale Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1916. Profesa wake, William Howell, alimpa kazi ya kutafuta kitu kinachoharakisha damu kuganda. McLean akawa anachuja kemikali kutoka kwenye maini na kuzipima moja moja, hadi alipokutana na moja yenye ukaidi: damu iliyotiwa kemikali hiyo haikuganda kabisa. Kwa masimulizi yake mwenyewe ya miaka ya baadaye, Howell hakusadiki. Basi McLean akaweka chombo cha damu ya paka iliyotiwa kemikali hiyo mezani pa profesa, akamwomba amwite itakapoganda. Hakuitwa. Howell na mwanafunzi mwingine wa udaktari, Emmett Holt, waliipa kemikali hiyo jina la heparini mwaka 1918, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ini. Ukipita leo kwenye chumba cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, ni dawa hiyo ambayo kwa kawaida huizuia damu isigande ndani ya mipira ya mashine.

Hapa pana jambo napenda kila mwanafunzi alishike. Matokeo yanayokwenda kinyume na matarajio ya msimamizi hayamaanishi kwamba umeharibu kazi. Rudia kipimo. Kikija vilevile, rudia tena. Kisha kiandike kama kilivyo.

Wajua kwamba kituo kinachoamuru moyo udunde kilionekana kwanza kwenye moyo wa fuko? Ndiyo, yule mnyama mdogo anayechimba bustani. Mwaka 1906, katika kijiji kimoja huko Kent, Uingereza, mwanafunzi wa udaktari Martin Flack alikuwa akikata vipande vyembamba vya moyo wa fuko na kuvitazama kwa hadubini, huku mwenyeji wake, Arthur Keith, ametoka na mkewe kuendesha baiskeli. Waliporudi, Flack alikuwa akiwasubiri kwa shauku: ameona kitu cha ajabu pale mshipa mkubwa unapoingia kwenye moyo. Wawili hao walichapisha habari hiyo mwaka 1907. Betri ya moyo anayowekewa mgonjwa leo inafanya kazi ya kituo hicho hicho.

Wajua kwamba visu butu viliwahi kuleta ugunduzi? Mwaka 1835, pale hospitali ya St Bartholomew's, London, ilijulikana kwamba baadhi ya maiti zina chembe ngumu ndani ya misuli zinazoharibu visu vya kupasulia. Wengine walilalamika na kunoa visu. James Paget, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akachukua kipande cha msuli akaenda kutafuta hadubini. Ndani ya kila chembe alikuta mnyoo mdogo umejikunja. Ndiye yule mnyoo anayetokana na kula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri. Jina la kitaalamu la mnyoo huyo, hata hivyo, lilitolewa na mwanazuoni mkubwa Richard Owen, na kwa miaka mingi Owen ndiye aliyesifiwa.

Haraka haraka. Wajua kwamba Sigmund Freud, kabla ya kuwa bingwa wa mambo ya nafsi, alikuwa mwanafunzi wa udaktari aliyepasua mikunga wapatao 400 kule Trieste mwaka 1876, akitafuta korodani zao? Wajua kwamba tezi ndogo nne zilizo nyuma ya dundumio, zinazosimamia kalsiamu ya mwili, zilielezwa na mwanafunzi wa Uppsala, Ivar Sandström, aliyeziona kwanza kwa mbwa mwaka 1877? Wajua kwamba chuo cha udaktari cha Yale kinamdai kila mwanafunzi tasnifu ya utafiti tangu mwaka 1839? Na kwamba Ujerumani unaweza kutibu wagonjwa ukiwa na leseni kamili, lakini hutaitwa Dokta mpaka uandike tasnifu, ambayo wengi huianza wakiwa bado wanafunzi?

Lakini wapo walioilipa sayansi bei ambayo hakuna anayepaswa kuilipa. Peru huadhimisha siku yake ya udaktari tarehe 5 Oktoba, na wajua ni kwa ajili ya nani? Mwanafunzi, Daniel Carrión. Katika milima ya Andes kulikuwa na magonjwa mawili: chunusi nyekundu za ngozi zinazotoa damu, na homa kali iliyoua wafanyakazi wengi wa reli ya kwenda La Oroya. Je, ni magonjwa mawili au ni moja? Tarehe 27 Agosti 1885, mjini Lima, Carrión alijichanja kwa majimaji ya chunusi za mgonjwa. Wiki tatu baadaye homa ikampata, ile ile ya La Oroya. Aliandika dalili zake siku baada ya siku, na mkono uliposhindwa kushika kalamu wenzake wakamwandikia. Alifariki tarehe 5 Oktoba akiwa na miaka 28. Jibu lilikuwa limepatikana: ni ugonjwa mmoja, na leo unaitwa kwa jina lake. Namheshimu sana, na wakati huohuo nasema wazi kwamba hakuna kamati ya maadili ya leo ambayo ingemruhusu, na ni vizuri isimruhusu.

Sasa njoo nyumbani. Je, wajua kwamba siri ya siko seli na malaria ilianza kufumbuliwa Kenya, na mwanafunzi wa udaktari?

Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia shambani nchini Kenya. Alikwenda Oxford kusomea udaktari, na mwaka 1949 wanafunzi wenzake walipopanga safari ya kitaalamu ya Mlima Kenya, naye akajiunga. Wenzake walikusanya mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu. Alipita kwa makabila mbalimbali akiomba matone machache, akitafuta makundi ya damu, na pembeni akafanya kipimo kimoja cha ziada: damu ikinyimwa oksijeni, je, chembe nyekundu zinajikunja kama mundu?

Majibu yalimshangaza. Pwani, karibu na Mombasa, na kule kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na chembe hizo za kurithi. Nyanda za juu zilizo katikati, hata mmoja kwa mia hakufika. Watu wa pwani na wa ziwani hawana nasaba moja wala lugha moja. Kitu gani basi kinawaunganisha Mgiriama na Mjaluo, na kumwacha nje Mkikuyu aliye katikati yao?

Aliyekulia Kenya anajua jibu kwa ngozi yake. Ni mbu. Pwani kuna malaria, ziwani kuna malaria, na kwenye baridi ya milimani malaria ilikuwa haba. Allison akawaza: anayerithi chembe ya mundu kwa wazazi wote wawili anaugua siko seli, na enzi hizo wengi walikufa utotoni. Anayerithi kwa mzazi mmoja tu haugui, na huenda malaria haimwezi kirahisi. Ndiyo maana urithi huu unaoua haukutoweka.

Angeweza kuchapisha wazo hilo papo hapo. Alisubiri. Alimaliza masomo mwaka 1952, akarudi Afrika Mashariki mwaka 1953, akapima watu karibu 5,000. Huko Uganda alipima watoto 290. Kati ya 43 waliokuwa na chembe ya mundu, 12 walikutwa na vimelea vya malaria, yaani asilimia 27.9. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, 113 walikuwa na vimelea, asilimia 45.7. Alichapisha mwaka 1954, na hadi leo mfano huo hufundishwa katika madarasa ya urithi duniani.

Katika andiko hilohilo imo sehemu inayonipa taabu kila ninapoisoma. Wanaume 30 wa Kijaluo, ambao andiko linasema walijitolea, waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya 15 wasio na chembe ya mundu, 14 walipata vimelea; kati ya 15 walio nayo, 2 tu. Takwimu zinazungumza zenyewe. Mimi najiuliza waliambiwa nini, kwa lugha gani, na nani kati yao alijua anaweza kukataa.

Wajua kwamba mgonjwa wa kwanza wa siko seli kuandikwa katika jarida la kitaalamu la Marekani naye alikuwa mwanafunzi? Walter Clement Noel alitoka Grenada kwenda Chicago kusomea udaktari wa meno mwaka 1904, akaugua, na daktari kijana aliyekuwa kwenye mwaka wa mazoezi, Ernest Irons, akaona chembe za umbo la mundu kwenye damu yake. Mkubwa wake, James Herrick, alichapisha mwaka 1910.

Basi maadili. Wajua kwamba tamko la Helsinki, linaloongoza utafiti kwa binadamu tangu mwaka 1964, lilirekebishwa mwaka 2024 na sasa linawaita watu tunaowachunguza washiriki? Mshiriki ana haki ya kuuliza, ya kukataa, na ya kuondoka katikati ya safari bila kunyimwa matibabu. Kwetu, mwanafunzi huanzia kwenye kamati ya maadili ya chuo chake. Juu yake, Tanzania Bara kuna NIMR, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Zanzibar ina kamati yake. Kenya utahitaji pia leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Uganda utakwenda UNCST, baraza la taifa la sayansi. Kisha kuna barua za mganga mkuu wa wilaya na ruhusa ya mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Wanafunzi huziona barua hizi kama usumbufu. Tafadhali usizikimbie. Andiko lililokusanya taarifa kabla ya kibali, hata liwe zuri namna gani, halichapishiki.

Wajua kwamba neno homa limewahi kuharibu madodoso mengi? Nilipokuwa mwanafunzi nilikwenda nyumba kwa nyumba na swali nililojivunia: je, mtoto wako amepata homa ndani ya wiki mbili zilizopita? Mama mmoja alikuwa anachambua mchicha, mtoto yuko mgongoni kwenye kanga, macho mazito. Akanijibu, “Homa hana, mwanangu. Mwili tu unachemka.” Nilikuwa nimeshaweka alama kwenye kisanduku cha hapana. Kalamu ikaganda mkononi. Kwangu mimi homa ni joto la mwili kupanda. Kwake homa ni ugonjwa wenye jina na tiba, nao ni malaria. Nilikuwa nimeshahoji kaya 30 na kitu. Nilizirudia zote, na swali likawa: je, mwili wake umekuwa wa moto?

Ndivyo ilivyo kwa degedege. Kitabu kinasema ni mtukutiko wa mwili unaoletwa na homa kali. Mitaani pwani wapo wanaoliona ni jambo la mdudu au ndege wa usiku, na ambao watampeleka mtoto kwa mganga kwanza. Presha, kichomi, tumbo la kuendesha, busha, matende: kila neno lina mipaka yake, na mipaka hiyo haifanani na ya kitabu. Ndiyo sababu dodoso hutafsiriwa kwa Kiswahili na mtu mmoja, kisha mtu mwingine asiyeliona la kwanza akalirudisha kwenye Kiingereza, ndipo yakalinganishwa. Bado haitoshi. Likajaribiwe barazani kwa watu kumi. Mwanafunzi aliyezaliwa ndani ya Kiswahili ana hazina hapa ambayo profesa wa ng'ambo hainunui kwa fedha yoyote.

Je, wajua kwa nini ripoti nyingi za wanafunzi zina watu 384? Kanuni ni hii: 1.96 zidisha kwa 1.96, zidisha kwa 0.5, zidisha tena kwa 0.5, gawanya kwa mraba wa 0.05. Jibu ni 384.16. Hiyo 0.5 ina maana mtafiti hakujua tatizo limeenea kiasi gani, akakisia nusu kwa nusu, na 0.05 ni kiasi cha kukosea anachokivumilia. Ukijua kwamba tatizo liko kwa mtu 1 kati ya 10, jibu linashuka hadi 139. Lakini kwa tatizo dogo hivyo, kukosea kwa asilimia 5 ni kupotea kabisa; ukitaka usikosee zaidi ya asilimia 2, utahitaji watu 865. Namba 384 si ya kunakili kwa jirani.

Na wajua kwamba “Kish na Leslie, 1965”, wanaotajwa kila mara baada ya kanuni hiyo, ni mtu mmoja? Leslie Kish, Mmarekani mwenye asili ya Hungaria, bingwa wa sampuli, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1965. Kila anayeandika “na” katikati anatuonyesha kwamba alinakili rejeleo bila kukifungua kitabu.

Wajua kwamba kipimo cha takwimu kinachoitwa cha Student hakikubuniwa na mwanafunzi? Ni jina la kalamu la William Gosset, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, na kuchapisha mwaka 1908. Alikuwa na sampuli ndogo ndogo na alihitaji njia ya kuziamini. Kila mwanafunzi mwenye wagonjwa 20 na bumu lililokwisha wiki ya pili anamwelewa.

Maana kikwazo kinachotajwa kwanza ni fedha, na si uongo. Nauli, fotokopi za dodoso, soda ya msaidizi, vipimo. Lakini wajua kwamba kuna utafiti ambao hauhitaji hata daladala? Ingia wodini ukaombe kibali cha kusoma rejesta. Tanzania kila kituo cha afya kina vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya: cha 5 cha wagonjwa wa nje, cha 12 cha leba, na vinginevyo. Nimekaa na kitabu cha leba cha hospitali moja ya wilaya, kurasa zake pana kama meza, pembe zimekunjika, mwandiko wa manesi wa zamu tofauti, wino wa bluu na mweusi, na mahali pengine tone la maji limefuta uzito wa mtoto. Uzito, saa ya kuzaliwa, mama alitoka wapi, alijifungua vipi, mtoto alilia au hakulia. Mwaka mzima wa uzazi wa wilaya umelala pale, na hakuna aliyeuliza kwa nini watoto waliozaliwa usiku wa manane wana safu tupu nyingi kuliko wa asubuhi. Safu tupu nayo ni matokeo.

Wajua kwamba hata mgonjwa mmoja anatosha kuanzia? Taarifa ya kwanza ya kile tunachokiita leo UKIMWI, iliyotoka Marekani tarehe 5 Juni 1981, ilihusu wanaume 5 tu wa Los Angeles. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, alianza na mtoto mmoja aliyevimba taya mwaka 1957. Mwaka uliofuata alichapisha habari za watoto 38, na mwaka 1961 akaendesha gari zaidi ya kilomita 16,000 kutoka hospitali hadi hospitali, akiuliza swali lile lile: je, mnao watoto wa namna hii, na wanatoka wapi? Hakuwa mwanafunzi tena, ila njia yake iko wazi kwa mwanafunzi yeyote mwenye daftari.

Milango rasmi ya utafiti ipo pia. Vyuo vingi vya udaktari huwa na kipindi ambacho mwanafunzi huchagua mwenyewe pa kwenda na cha kuchunguza. Wanafunzi wanakiita elektivu. Wapo wanaokitumia kupumzika, nami siwalaumu, wodi inachosha. Vyama vya wanafunzi wa udaktari, TAMSA kwa Tanzania na MSAKE kwa Kenya, vimo ndani ya shirikisho la dunia lililoanzishwa mwaka 1951, ambalo hubadilishana wanafunzi kati ya nchi na nchi kwa kazi za utafiti. Ifakara kuna kituo kilichoanza kama maabara ndogo ya Waswisi miaka ya 1950 na sasa ni taasisi kubwa ya Watanzania. Mwaka 2010 Marekani ilitenga dola milioni 130 kuimarisha vyuo vya udaktari katika nchi 12 za Afrika, vikiwemo vya Nairobi, Makerere na KCMC Moshi, na utafiti ulikuwa sehemu ya kazi hiyo.

Na majarida? Wajua kwamba tangu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa wanafungua maelfu ya majarida kwa vyuo vya nchi maskini kupitia mpango wa HINARI? Nenda kwa mkutubi wa chuo chako kesho asubuhi ukaombe nywila. AJOL, yenye makao Afrika Kusini, imekusanya majarida ya Kiafrika tangu mwaka 1998, na humo utalikuta jarida la wanafunzi wa udaktari wa Dar es Salaam wenyewe. Jihadhari na barua pepe inayokusifu, inakuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu, na chini kabisa inataja bei. Hao si wachapishaji, ni wachuuzi.

Kuhusu jina lako, wajua kwamba kuna masharti manne? Wahariri wa majarida ya tiba walioanza kukutana Vancouver mwaka 1978 wanasema mwandishi ni yule aliyechangia wazo, data au uchambuzi. Akaandika au kusahihisha andiko. Akaidhinisha toleo la mwisho. Na akakubali kuwajibika kwa kazi yote. Yote manne kwa pamoja. Ukoo, cheo na kumiliki ofisi havimo. Zungumza na msimamizi wako kuhusu majina mwanzoni kabisa, kwa adabu, chai ikiwa bado ya moto: “Profesa, naomba tuelewane mapema.” Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa mpangilio wa majina mawili.

La mwisho si la vitabuni. Katika zile kaya nilizozirudia alikuwepo bibi mmoja aliyenikaribisha mkekani mara zote mbili, akajibu kila swali. Nilipofunga begi akaniuliza, “Mjukuu wangu, mwenzako alikuja mwaka jana na karatasi kama hizi. Majibu yake yako wapi?” Sikuwa na la kumjibu. Ripoti ya huyo mwenzangu, kama zilivyo nyingi, ilikuwa kabatini, imefungwa kwa jalada gumu, ipo kwa Kiingereza.

Nilirudi miezi minne baadaye na karatasi moja ya Kiswahili, herufi kubwa: watoto wangapi miili ilikuwa ya moto, wangapi walifikishwa kituoni siku hiyo hiyo, wangapi walichelewa na kwa nini. Binti wa darasa la sita akaisoma kwa sauti, barazani, majirani wakasogea. Alipofika kwenye waliochelewa, mama wa mchicha akasema kivuko kilikuwa kimesombwa na mvua. Hilo sikuwa nimeliuliza. Nikatoa kalamu, nikaliandika pembeni. Bibi akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi za kliniki za wajukuu.